Shangazi aliiona bahari nyeusi: kwa mnaokuja Dar mara ya kwanza

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Sumbawanga aliniandikia: "Kaka, habari za majukumu. Mwezi ujao nakuja Dar na mke wangu, tuna siku mbili tu na hatujawahi kufika. Tusikose nini?" Nikamjibu harakaharaka kama mtu anayelipa deni: Masaki, Daraja la Tanzanite, maduka makubwa, ufukwe wa Coco. Nimeshatuma ndipo nikakumbuka kwamba orodha hiyohiyo ndiyo niliyompitishia shangazi yangu mwaka juzi, na kwetu Njombe wapo wanaonicheka mpaka leo. Kwa hiyo mwalimu, futa ule ujumbe. Jibu lako ni hili, na samahani kwa urefu.

Mwaka juzi nilikuwa nimetoka kununua gari. Si jipya, lakini lina kiyoyozi kinachofanya kazi na vioo vyenye tinti. Unayesoma hapa unajua mwenyewe: ukishapata kigari mjini, roho haitulii mpaka wa nyumbani wakione. Shangazi ni dada wa marehemu baba, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye shamba lake la viazi. Alikuwa hajawahi kuteremka huku tangu azaliwe. Nikamtumia nauli. Akashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi usiku, mwezi wa pili, lile joto lenyewe, amevaa sweta zito juu ya kitenge, na nyuma yake utingo anashusha gunia la viazi na ndoo ya maparachichi. "Kamwene, baba," akaniamkia, jasho linamtiririka. Sweta alilivua baada ya kubembelezwa.

Jumamosi nikampakia. Tuliondoka saa nne asubuhi, kosa la kwanza, maana saa nne ya Dar ni saa ya kukaa Mwenge ukitazama namba ya gari la mbele. Nikampeleka kwenye duka kubwa la ghorofa. Ngazi za umeme zikamtisha, tukazunguka palepale chini. Nikampeleka kwenye mgahawa mmoja Masaki, sitautaja. Menyu yote Kiingereza, bei ya sahani moja ya samaki inakaribia gunia la viazi kule kwetu, na tulisubiri mpaka njaa ikaisha yenyewe. Shangazi aliletewa chipsi. Akazitazama, akanitazama mimi. "Baba, nimetoka na viazi Njombe nije kula viazi Dar?"

Jioni nikaona niokoe siku. Tukapita Daraja la Tanzanite, nikapunguza mwendo, nikasema kwa sauti ya mtu aliyeijenga mwenyewe ile bahari: "Shangazi, hiyo hapo!" Akasogeza uso kwenye kioo. "Mbona nyeusi?" Nikacheka. Hata kioo sikukishusha, maana kiyoyozi kilikuwa kimewashwa. Jumatatu akarudi zake.

Miezi michache baadaye tulikuwa msibani nyumbani, tumekaa kwenye mabenchi, binamu yangu mmoja akauliza mbele ya wazee: "Ndiye wewe uliyemwonyesha shangazi bahari nyeusi?" Watu walicheka, msibani! Binamu mwenyewe hajavuka Makambako, lakini nilikosa la kumjibu. Shangazi alikuwa amesimulia alichokiona, hakuongeza neno. Iliniuma, na nikiandika hapa bado inauma kidogo.

Agosti mwaka huu akaja tena, safari hii kwa ajili ya macho. Mambo ya kliniki nayaruka. Alipomaliza tulibakiwa na siku moja, na gari nililiacha nyumbani.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshapanda basi la mwendokasi Kimara. Mwisho wa njia ni Kivukoni, na ukishuka tu unasikia harufu: Feri, soko la samaki. Mwalimu, hapa ndipo Dar inapoamka. Boti zinaingia na samaki wa usiku, wabebaji wanakimbia na ndoo vichwani maji yakiwachuruzika mgongoni, madalali wamesimama juu ya mafungu wanataja bei kwa kasi ambayo hata mimi miaka kumi na minne ya mjini siifuati vizuri. Changu, vibua, kolekole, jodari mrefu kama mtoto wa darasa la pili. Shangazi akauliza kama wana mbasa. Muuzaji akacheka: "Mama, mbasa ni wa Ziwa Nyasa, huyu wa chumvi!" Wakaanza kubishana nani mtamu. Nusu saa nzima sikuwa na kazi ya kufanya. Pweza alimgusa kwa kidole kimoja, kikashikwa, akapiga ukelele, na soko zima upande ule likamfanya shangazi yake.

Tukanunua vibua, kijana akawapaa magamba, tukawapeleka kwa wakaangaji walioko palepale, kwenye makarai makubwa. Tukala na ndimu na chumvi, tumesimama. Bei yake siwezi kuilinganisha na ile ya Masaki bila kupata hasira.

Kisha pantoni ya kuvuka kwenda Kigamboni. Nauli ilikuwa shilingi 200, nasema tena, mia mbili. Geti likifunguliwa watu wanamwagika pamoja na bajaji, baiskeli na matenga ya kuku, kwa hiyo mgeni wako mshike mkono na simu iweke mfuko wa mbele. Siku ile tulichelewa kung'oa nanga kwa sababu meli ya makontena ilikuwa inaingia bandarini, na pale mlango wa bandari ni mwembamba, pantoni lazima isubiri. Meli ikapita karibu kabisa, ghorofa juu ya ghorofa, kimya. Shangazi akashika chuma kwa mikono miwili. Nikamweleza kwamba kwa ajili ya mlango huohuo, uliojikinga na upepo, Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji hapa miaka ya 1860, palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Akasikiliza, kisha akauliza lililokuwa linamkera: "Na huyu anayeendesha, anaonaje njia kwenye maji?"

Ng'ambo tukachukua bajaji mpaka Mjimwema. Akavua viatu, akakunja kitenge, akaingia mpaka magotini. Akachota maji kwa kiganja, akaonja, akatema. "Kumbe chumvi kweli. Nilidhani mnasema tu." Ana miaka sabini na mbili.

Sasa wewe mwalimu, na wengine wote mnaopanga safari, sikilizeni. Amkeni mapema. Dar ya alfajiri na Dar ya saa nne ni miji miwili. Pandeni usafiri wa watu, msijifungie kwenye gari la mwenyeji anayetaka kuonekana. Nasema hivyo nikiwa mwenyeji mwenyewe. Ulizeni maji. Pale Coco mkifika maji yamekupwa mtakuta mawe na madimbwi, mtasema tumewadanganya, na kwa vile kujaa na kupwa husogea karibu saa moja kila siku, jibu la jana halifai leo. Muulizeni muuza madafu, anajua. Coco ni ya Jumapili jioni: mihogo ya kukaanga, pilipili, mishkaki, watoto wanapiga mbizi na nguo zao. Kama hujui kuogelea usiwaige.

Siku ya pili, kama mfuko unaruhusu, nendeni Mbudya. Boti zinatokea Kunduchi, kisiwa ni hifadhi ya bahari tangu 1975, mtalipa kiingilio, na mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Kubalianeni bei ya samaki kabla hajawekwa kwenye moto. Kubalianeni kabla, narudia, maana akishaiva hamna sauti tena. Agosti upepo wa kusi unarusha boti, mke wako kama ana kichefuchefu subirini kusi ipite. Makumbusho ya Taifa ni ya saa za jua kali, mnaingia kupoa na kujifunza. Kariakoo nendeni bila pochi ya nyuma. Mengine ya Kariakoo yanahitaji makala yake.

Na ninyi wenyeji wenzangu, tuacheni kuwapeleka wageni mahali ambapo sisi wenyewe tunakwenda kupiga picha. Mtu hakusafiri kilomita mia saba kuja kutazama mafanikio yako. Mpeleke kwenye maji, kisha nyamaza.

Asubuhi ya kurudi, pale Mbezi, utingo alikuwa anapanga mizigo, akaona chupa ya soda ya lita mbili ndani ya kikapu cha shangazi, imefungwa na kitambaa mdomoni. "Mama, mafuta haya? Yatamwagika."

"Ni bahari," akasema, akaipakata. "Kuna mtu kule nataka aione rangi yake."