Vidonge baada ya kusafishwa usaha kwenye mfupa

Dada wa Kasulu, pole sana kwa kuuguza. Unauliza kama mumeo amepunjwa, kwa kuwa baada ya kusafishwa mfupa wa mguu wenye usaha kapewa vidonge vya wiki sita badala ya sindano. Hajapunjwa. Zamani ilikuwa sindano za mshipa wiki nenda wiki rudi, lakini utafiti wa OVIVA wa Uingereza, uliochapishwa 2019, uliwafuatilia watu wazima 1,054 wa hospitali 26. Tiba ilishindikana kwa asilimia 14.6 ya wa sindano na asilimia 13.2 ya wa vidonge.

Ila kazi kubwa ni ya kisu. Kipande cha mfupa kilichokufa hakifikiwi na damu, na dawa husafiri kwa damu. Kikibaki ndani, bakteria hujificha humo hata umeze dawa debe zima. Mdogo wangu hapa Tabora alirudishwa kupasuliwa kwa ajili ya kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Baada ya hapo alikuwa akichora mstari wa mkaa ukutani kila akimeza, asubuhi na jioni, mpaka siku ya 42.

Muulize daktari kama usaha ulipelekwa maabara, bakteria wake wakaoteshwa ili wajulikane, na dawa ikachaguliwa kwa majibu hayo. Kidonda kikianza tena kutoa usaha au homa ikirudi, msingoje dozi iishe, rudini hospitali. Na nakusihi dada yangu, asiache vidonge wiki ya pili eti maumivu yamepoa.