Jackson-Vanik haikuwa marufuku ya biashara

SWALI: Tunaandaa hoja ya mdahalo chuoni: serikali inayotesa jamii ndogo na kuizuia kuhama isusiwe kibiashara, kama Marekani ilivyoisusia Sovieti mpaka ikawaachia Wayahudi. Tuweke vifungu gani?

JIBU: Hiyo "mpaka ikawaachia" ndiyo inayonichosha, kila anayegusa mada hii huja nayo. Kifungu cha 402 cha Sheria ya Biashara ya Marekani, maarufu kama Jackson-Vanik, kilichoanza Januari 1975, hakikuzuia hata gunia moja la ngano. Nchi za kikomunisti zilizozuia watu kuhama zilinyimwa tu ushuru nafuu wa forodha pamoja na mikopo na dhamana za serikali ya Marekani. Kisha Rais akaachiwa ufunguo: kusamehe, mwaka hadi mwaka, nchi iliyotoa uhakikisho kwamba watu wataruhusiwa kuhama.

Nguvu yote imo kwenye ufunguo huo. Romania ilisamehewa 1975, ikaonja ushuru mdogo. Mwaka 1982 ilipoamuru wanaohama warudishe gharama za masomo yao kwa fedha za kigeni, Rais Reagan alitangaza mwaka uliofuata kuwa nafuu itaondolewa. Amri ikabaki kwenye karatasi. Sovieti haikuwa na cha kupoteza, kwani ushuru huo nafuu ilishanyang'anywa tangu 1951. Kodi yake ya elimu kwa wanaohama, ya Agosti 1972, iliachwa kutozwa 1973, muswada wa kifungu hiki ukiwa bado unajadiliwa. Tishio lilifanya kazi kuliko sheria yenyewe! Sheria ilipopita, Washington ikiwa imekwisha kujigamba hadharani kuhusu makubaliano ya kuruhusu watu kuhama, tena mikopo ikiwa imewekewa kikomo cha dola milioni 300, Moscow iliukataa mkataba wa biashara wa 1972.

Tazameni hesabu ya Wayahudi walioondoka: takriban 35,000 mwaka 1973, 51,000 mwaka 1979, chini ya 1,000 mwaka 1984. Kati ya 1979 na 1984 kifungu hakikubadilika. Uhusiano ndio ulioharibika, hasa baada ya majeshi ya Sovieti kuingia Afghanistan.

Kwa hiyo msiandike "uhuru wa kuhama" mkaishia hapo. Ada ya kuhama ni rahisi kuifuta, vizuizi vingine vikabaki. Mwombaji atafukuzwa kazi, ataambiwa anajua siri za taifa, atadaiwa idhini ya wazazi. Wekeni muda wa kujibu ombi, sababu za kukataa kwa maandishi, na ukomo wa miaka kwa kisingizio cha siri. Nafuu itolewe kwanza, ndipo iwe na uzito wa kuondolewa.

Na wale wanaosambaza maombi ya saini ya "zuieni biashara yote kesho" waulizeni swali moja: mlango ukifunguliwa, adhabu inaondoka lini, na kwa uamuzi wa nani? Wengi hawajafikiria. Raia wa Urusi walihama kwa uhuru tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini kifungu kiliendelea kuihusu nchi yao mpaka Desemba 2012.