Maswali ya meno: nailoni, wadudu, na jino lililoacha kuuma lenyewe

Meseji zenu zimejaa na nimechelewa, mnisamehe, wiki mbili hizi foleni ya kliniki ilifika mpaka nje chini ya mwembe. Nimechagua saba, zilizofanana nimezijibu kwa pamoja.

SWALI: Shikamoo dokta. Mtoto wangu ana miezi saba, anaharisha na mwili unachemka. Mama mkwe kamwangalia fizi kasema ana meno ya nailoni, yatolewe kabla hayajamuua. Kuna bibi hapa kijijini anatoa. Nimpeleke? (Mama, Dodoma)

Marahaba, na usimpeleke. Nimeanza na hili kwa sababu hili linaua. Nawa mikono, pitisha kidole taratibu kwenye fizi ya mtoto pale pembeni ya meno ya mbele, utasikia kauvimbe, na ukimgeuzia kwenye mwanga panaonekana peupe. Kwa hiyo mama mkwe hajadanganya, kitu kipo. Ila kila mtoto wa umri huo anacho, hata yule kibonge wa jirani anayecheka kutwa nzima. Ni chonge ya utoto, bado inajitengeneza ndani ya fizi na itatoka yenyewe akikaribia mwaka na nusu au zaidi kidogo. Ukiikwangua sasa hivi inatoka laini na nyeupe kwa sababu haijakomaa, ndo watu wakaiita nailoni, wengine plastiki.

Sasa kuharisha kunatoka wapi? Miezi sita saba ndo mtoto anaanza uji, anatambaa, kila anachookota kinaishia mdomoni, na ile kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama imeshapungua. Kuharisha na meno vinakuja msimu mmoja basi watu wanadhani kimoja kimemzaa mwenzake. Halafu kuna hili linalompa bibi sifa: mtoto akishakwanguliwa, siku tatu nne kuharisha kunakata. Kungekata tu, maana kuharisha kwingi kwa watoto kunakata kwenyewe. Na waliofiwa hawarudi kwa bibi kumpa taarifa.

Anatumia nini? Spoku ya baiskeli, msumari, wembe. Mtoto anamwaga damu ambayo hana ya kumwaga, anapata pepopunda, au vijidudu vinaingia kwenye damu. Wanaonusurika nakutana nao wakiwa na miaka kumi na mbili, chonge ya ukubwani haipo au imeota kombo, na ukimuuliza mzazi keshasahau kabisa kilichotokea. Wewe mpe ORS na zinki, endelea kunyonyesha, mpeleke zahanati leo leo, na kama macho yameingia ndani au amelegea hata kesho usiisubiri. Nenda na mama mkwe. Asisikie kwako, asikie kwa nesi.

SWALI: Mnasema hakuna wadudu wa meno wakati mzee wa hapa sokoni anafukiza jino wadudu wanaanguka kwenye bakuli la maji, nimeona kwa macho yangu sijahadithiwa. (Kaka, Morogoro)

Uliona kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa watatu kwenye kikaratasi cha daftari, vyeupe, vyembamba kama uzi, vimejikunja. Mgonjwa kavitunza kama ushahidi wa polisi. Nikavitia kwenye maji, nikachukua kioo cha kukuzia, hamna mdomo hamna mguu, ni kichipukizi cha mbegu. Mbegu za jamii ya ndulele zikipata moto zinapasuka na kile kilichojikunja ndani kinachomoka. Siku nyingine mwambie mzee achome zile mbegu juu ya bakuli bila mgonjwa kukaa hapo, uone kama wadudu hawataanguka vilevile. Wala msione ni ushamba wetu peke yetu, Ulaya nao waliamini haya karne na karne mpaka daktari wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, akaandika mwaka 1728 kwamba amewatafuta hao wadudu kwa hadubini hajawaona.

Kinachotoboa jino ni bakteria wasioonekana kwa macho. Wanakula sukari uliyokula wewe wanatoa asidi, na asidi ndo inayolainisha jino. Kila ukionja kitu chenye sukari jino linakaa kwenye asidi kama nusu saa hivi, kwa hiyo kinachoumiza zaidi ni mara ngapi kuliko ni kiasi gani. Anayemaliza soda yake na chakula cha mchana ana nafuu kuliko anayeweka chupa mezani saa mbili asubuhi akaisipu kidogokidogo mpaka saa saba, wote soda ni moja ile ile.

SWALI: Mimi ni binti wa Arumeru, meno yangu ni kahawia tangu nimeyaota. Nikiwa Dar watu wanadhani sipigi mswaki. Nimejaribu mkaa, limao, majivu, wapi. Na je dawa ya meno yenye floraidi niache? (Arusha)

Pole dada, na hao wanaokuangalia hivyo ni wa kusamehe tu hawajui maji ya kwenu. Maji ya maeneo mengi ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, na kule Kenya ni hivyo hivyo Nakuru na Naivasha. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna kipindi hapa kwetu kiwango kiliwekwa mpaka 4 kwa sababu kuna vijiji ambavyo maji ya chini ya hapo hayakupatikana. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi, tangu kuzaliwa mpaka miaka kama minane, rangi inaingia ndani ya jino lenyewe. Ndo maana haisuguliki. Mkaa na majivu vinakwangua ngozi ya juu ya jino, limao ni asidi tupu, acha vyote vitatu leo. Daktari wa meno anaweza kuyafunika kwa ile dawa ya kuziba yenye rangi ya jino, yanapendeza kabisa, ulizia bei kabla hujakaa kwenye kiti.

Wengi wanachemsha maji wakidhani floraidi inaondoka. Haiondoki, maji ndo yanapungua inabaki imekolea zaidi. Kinachoitoa ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo kituo cha Ngurdoto huko huko kwenu wameifanya miaka mingi. Na magadi! Yale ya kulainishia makande na maharage yana floraidi nyingi mno, kama una mtoto mdogo nyumbani loweka maharage usiku kucha uyaache magadi dukani.

Dawa ya meno usiache. Wewe meno yameshamaliza kujitengeneza, floraidi ya mswakini inayaimarisha kwa nje na unaitema. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, baada ya hapo punje ya njegere, na umsimamie ateme.

SWALI: Gego liliniuma wiki nzima nikanunua amoksilini dukani, likaacha. Sasa ni miezi miwili halijauma, nimepona? (Kaka, Mbagala)

Jino limekufa. Lilipokuwa linauma mshipa ulikuwa unalalamika, sasa mshipa umeoza umenyamaza, na usaha unatafuta njia kwenye mfupa taratibu. Lile tundu bado lipo, hakuna kidonge kinachoziba tundu. Siku utakayoamka shavu limekuwa kama umeficha andazi utanikumbuka, na ikiwa unashindwa kumeza au kufungua mdomo hiyo ni hospitali usiku huo huo. Nenda sasa hivi wakati bado kuna la kuchagua kati ya kutibu mzizi na kung'oa. Karafuu niliyoulizwa na watu wa Pemba, sawa, inatuliza kweli, na hata sisi kwenye ile dawa ya kuziba kwa muda kuna mafuta yake, hiyo harufu mnayoisikia kliniki ndo yenyewe. Inatuliza tu lakini. Ila anayeponda aspirini na kuilaza kwenye fizi anaunguza fizi, anakuja kwangu na maumivu mawili.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano, fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Wifi kasema mtoto anachukua kalsiamu ya meno yangu, kila mimba jino moja, na nisikanyage kwa daktari wa meno mpaka nijifungue. (Dada, Tanga)

Mtoto akikosa kalsiamu anachukua kwenye mifupa yako, menoni hachukui. Homoni za mimba ndo zinafanya fizi zivimbe haraka kwa ukoga kidogo tu. Halafu mama akiona damu anaacha kupiga mswaki, ukoga unazidi, damu inazidi, na mwishoni jino linalegea kweli, wifi anasema si nilikwambia. Piga mara mbili kwa siku, mswaki laini, hasa pale pale panapotoka damu. Na kwa daktari nenda, mwezi wa nne mpaka wa sita ndo wakati mzuri wenyewe, hata sindano ya ganzi unachomwa, wewe mwambie tu una mimba ya miezi mingapi.

SWALI: Eti kung'oa jino la juu kunaleta upofu? (wengi sana)

Hakuleti. Mishipa ya jino na ile ya jicho ya kuonea ni tofauti.

SWALI: Mwanangu ana miaka sita, jino la nyuma kabisa limetoboka. Si ya utoto hayo, nisubiri ling'oke? (Baba, Mwanza)

Hapana baba, umenishtua. Kwenye miaka sita kuna gego la ukubwani linaota nyuma ya yote na hakuna jino lililong'oka kulipisha, kwa hiyo wazazi hawashtuki, wanaliweka kwenye hesabu ya yale ya utoto. Mkalishe dirishani, mwambie aachame, hesabu upande mmoja kuanzia katikati mbele: meno matano ni ya utoto, la sita si la utoto. Kama lililotoboka ni la sita, hilo hana lingine, liwahi wiki hii liweze kuzibwa. Na hata kama ni la tano usilitupe, linashikilia nafasi ya mwenzake mpaka miaka kumi hadi kumi na mbili, likitoka mapema meno ya jirani yanaegemea pengo na linalokuja linakosa pa kutokea.