Kazi si paa, kazi ni tundu

Vijana wanaokuja kwetu Malindi kujifunza kazi ya faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa resini, huwa wameshaona boti. Kwa hiyo mteja akileta Hiace na kusema anataka iinuliwe paa, asimame ndani, apike chai na alale humo, kijana huona ni boti iliyopinduliwa tu. Nami nilidhani hivyo. Sasa nimeinua mapaa ya kutosha kukwambia kwamba faiba ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni lile tundu unalokata kwenye bati, kwa sababu hapo unaondoa kitu ambacho gari lilikuwa linakitegemea.

Lakini kabla ya kukata kuna kuchagua, na hapo anza na mteja, si gari. Mpime akiwa amevaa viatu atakavyovaa ndani. Mzee mmoja Mwitaliano (ukifanya kazi hii Malindi, Waitaliano utawapata tu) aliniambia ana mita 1.80. Gari lake lilikuwa na sentimita 132 kutoka sakafu hadi dari. Nikaona zinapungua 48, nikampa 50, nikajiona fundi. Sikuhesabu plaiwudi ya sakafu na mbao zake, wala povu la kuzuia joto na ubao wa dari. Vyote pamoja vilikula sentimita 7. Mzee wa watu akawa anapika ameinama kama anayechungulia kisima.

Usiende juu ovyo vilevile. Kila sentimita unayoongeza ni tanga. Kusi ikikaza, dereva wa gari refu anaihisi kwenye daraja la Sabaki, usukani unavutwa upande. Na kuna malango ya hoteli yenye makuti, na matawi ya miembe. Urefu mpya uandike kwenye dashibodi, mbele ya macho ya dereva, maana atasahau.

Ganda la paa lililotengenezwa tayari huja na umbo la gari lake. Hiace iliyotoka 2004 si sawa na iliyoitangulia, na neno la muuzaji kwamba “hili linakaa kwenye zote” lisikuingie. Beba kipimo cha kadibodi ulichokata kwa kufuata mpindo wa paa la gari lenyewe, mbele, katikati na nyuma. Likiwa limetumika, lisubirie usiku, uweke tochi chini yake. Faiba isiyopakwa rangi hupitisha mwanga: palipokunywa resini vizuri pang'aa sawasawa, penye hewa utaona madoa meupe kama mafuta yaliyoganda juu ya mchuzi. Halafu gonga kwa sarafu. Sauti kavu ni nzima. Ikifika mahali ikafa, tabaka zimeachana hapo. Paa bapa mimi silitaki, hata mteja akilipenda: maji hutuama na likipita barabara mbovu linapiga ngoma. Na rangi iwe nyeupe. Jua letu juu ya rangi ya giza hulainisha resini mpaka paa likashuka mgongo.

Ukilitengeneza mwenyewe kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia, mengi ya boti yanakusaidia. Nitasema mambo mawili tu. Hadna, dawa inayogandisha resini, ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini, na Malindi saa saba mchana kaa kwenye 10, tena changanya kwenye mkebe mdogo. Shagirdi mmoja alichanganya nusu ndoo ili asisumbuke, akaenda kuswali, aliporudi ndoo ilikuwa inatoa moshi na plastiki yake imelegea. La pili halina mzaha: kobalti, dawa ya kuharakisha resini igande, na hadna visikutane vyenyewe kwa vyenyewe. Kobalti inaingia kwenye resini kwanza, inakorogwa mpaka ipotee, ndipo hadna ije. Vikikutana vitupu vinalipuka. Maski ya karatasi nayo haizuii ule mvuke. Inazuia vumbi la msasa tu.

Sasa tundu.

Paa la gari lina mbavu za bati zinazokwenda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ukizikata, ukuta wa kulia na wa kushoto haujui tena mwenzake yuko wapi. Gari langu la kwanza nilizikata zote asubuhi moja, nikiwa na mpango wa kuchomelea fremu mchana. Stima ikapotea. Gari likalala wazi, tena gurudumu moja likiwa kwenye mchanga laini. Kesho yake mlango wa kuteleza ulikataa kufunga; ulikuwa unagonga nguzo. Nilihangaika siku mbili na jeki na mnyororo kuurudisha, na hata leo mlango ule una sauti yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Gari liegeshe juu ya saruji na ulipime kwa mpira wa maji, ule wa mafundi wa nyumba, kona zote nne. Fungua na ufunge kila mlango, usikilize, kisha piga picha ya mianya yake. Chomoa waya wa betri. Toa dari na uangalie waya za taa zinapopita. Fremu, mimi hutumia bomba la mraba la 25 kwa 25, ifunge kwa ndani kwanza ikiwa imeshika kuta zote mbili, ndipo ukate ubavu mmoja, ufunge mlango kuujaribu, halafu ubavu wa pili. Mlango ndio utakaokuambia kama umekosea. Pande zote acha mdomo wa bati kama sentimita 6 au 7, na mfereji wa maji wa pembeni usiuguse kabisa. Kona za tundu ziwe za mviringo, maana kona kali ndipo bati linapoanza kupasuka, kama dirisha la boti.

Vijana hupenda grinda kwa sababu ina kasi. Cheche zake zinaingia kwenye kioo cha mbele na kukitia vidoa ambavyo havitoki, na zile zinazoangukia rangi huwa kutu ya machungwa baada ya wiki moja ya upepo wa bahari. Tumia jigso yenye msumeno wa meno madogo. Grinda ikibidi, funika kioo kwa magunia yaliyolowa. Ukingo uliokatwa upige msasa na praima ya zinki siku ileile. Usiseme kesho. Chumvi ya hapa hailali.

Kufunga: paa lipande mara mbili bila gundi, kwa watu wanne, na alama za tepu ya karatasi pande zote, ili mara ya tatu mkono ujue unapokwenda. Resini peke yake isiwe gundi yako, haishiki chuma vizuri, na bati na faiba hazitanuki sawa juani. Kiungo kigumu kitapasuka. Silikoni inayonuka siki usiisogeze, asidi yake inakula bati, na mahali ilipopita rangi haikubali tena. Inayofaa ni gundi ya poliyuretheni, ile nyeusi inayobaki na ulaini kama mpira. Osha mdomo wa bati kwa maji yasiyo ya bahari kuondoa chumvi, ukauke, upanguse kwa spiriti, kisha mimina alfajiri kabla bati halijapata moto. Weka vipande vya mpira vya milimita 4 kila baada ya hatua ili paa lisiikamue gundi yote nje. Bolti za stenilesi, kila moja na washa ya mpira, na ukaze mpaka zishike tu. Kijana mwenye nguvu hapa ni hasara. Gundi hii huiva kwa unyevu wa hewa, na unyevu tunao, lakini gari lisitoke kwa siku tatu.

Mwenye gari amalize mambo ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima mapema, maana umbo la gari limebadilika. Hilo ni lake, ila wewe mwambie kabla hujakata, na mbele ya mtu. Niliwahi kulaumiwa kwa kutosema.

Dari usilibandike upesi. Mpe mwenzako mpira wa maji juu kwa nusu saa, wewe uwe ndani na tochi, ukipapasa mshono kwa kidole na si kwa macho, kwa sababu tone la kwanza hujificha. Mimi husubiri na mvua ya kweli ikiwezekana, na mteja hunung'unika.

Baada ya safari yake ya kwanza mwambie arudi, hasa kama amepitia barabara ya lango la Sala kwenda Tsavo. Usimruhusu aoshe gari kwanza. Fungua milango, inua kitambaa cha ukingo na utazame chini ya mdomo wa paa. Vumbi jekundu la kule ni jembamba kuliko maji. Lilipochora mstari ndani, hata mwembamba kama uzi, weka alama ya chaki, kata gundi ya hapo na umimine upya kabla masika haijafika.