Mgeni wangu nitampeleka Biashara Street

Mmeuliza wiki hii: ukiwa na mgeni wa siku moja, utampeleka mtaa gani wa maduka ya zamani, na kwa nini? Mimi ni mtu wa Mombasa, na jibu langu ni Biashara Street.

Najua wengi watataja Ndia Kuu, ule mtaa wa Mji wa Kale. Kwa macho sina ubishi nayo, milango ya nakshi na roshani za mbao ni fahari yetu. Lakini maduka ya upande wa Fort Jesus yanamngojea mtalii: vinyago, shanga, fulana za twiga. Mwenyeji hana cha kununua pale. Biashara Street mgeni atajikuta amebanwa kati ya mama wa Likoni anayetafuta leso, yaani kanga, za harusi ya bintiye na mchuuzi anayehesabu korja, yaani mafungu ya ishirini ishirini, za kupeleka Malindi, na hakuna atakayeshughulika naye. Ndiyo raha yake.

Mtaa wenyewe si mrefu, unakatwa na Digo Road, karibu na soko la Marikiti. Duka linalojulikana zaidi ni la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887. Asiyelijua kwa jina hilo analijua kwa alama ya leso zake, "Mali ya Abdulla". Mwaka huo reli ya kwenda Uganda ilikuwa haijaanza kujengwa, na shughuli za bandari zilikuwa za majahazi kule Mji wa Kale, si Kilindini. Wanawake wa pwani walikuwa na mtindo wa kununua leso za asili, vile vitambaa vidogo vya mkononi, na kuziunga sita kuwa nguo moja; wenye maduka wakaona soko, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima. Maandishi yalikuja baadaye.

Na hayo maandishi, tunayoyaita jina la leso, ndiyo humponza mgeni. Wifi yangu anayeishi Kitale alipenda leso ya zambarau, akasema hii ni ya mavyaa, mama mkwe wake. Muuzaji, mzee wa Kihindi anayesema Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, kutushinda sisi, aliikunja kabla hatujauliza bei. "Umesoma jina, mwanangu? Hii si ya kumpa mkwe." Imeandikwa "Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi". Akapanda ngazi, akashusha "Nani kama mama", pindo la kijani, na mji, yaani sehemu ya kati, mweupe wenye maua. Wifi hakuipenda hata kidogo rangi yake, lakini alilipa. Mavyaa anaivaa mpaka leo.

Kwa hiyo kwanza jina, kisha rangi. Kama ni zawadi ya bibi harusi, ulizia kisutu, kile cha jadi chekundu, cheusi na cheupe, ambacho aghalabu hakina maandishi, kwa hiyo hakina kesi. Usiiamini mno mikono yako: leso mpya imejaa wanga, hata iliyochanganywa na poliesta itaonekana nzito. Sema wazi kwamba unataka pamba tupu, na ukifika nyumbani ifue peke yake, maana nyekundu hasa hutoka rangi.

Leso huuzwa doti, yaani mbili zikiwa hazijakatwa. Usiondoke nazo hivyo. Barazani kuna mafundi na cherehani zao. Unampa doti, anaikunja katikati, anapitisha mkasi mara moja bila kupima, kisha anapinda ncha ungali umesimama. Mimi hapo ndipo ninapomwacha mgeni asimame kwa muda, kwa sababu hiyo kazi haimo kwenye kitabu chochote cha watalii. Mpatane bei kabla, si baada.

Wanaume nao wasibaki nje wakishika mikoba. Vikoi vipo, na fundi wa kusokota matamvua hakosekani.

Ijumaa saa sita mchana msiende, maduka mengi hufungwa kwa sala. Kama mgeni ana pumzi, mpeleke usiku wa kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe, watu wakinunua nguo za Idi na njia haipitiki hata kwa mkokoteni. Kama hana pumzi, Jumanne asubuhi inatosha.