Kabla hujachongesha gongo la besiboli, tazama mpini

Gongo la kwanza nililochongesha lilidumu mipira minne. Nilikuwa nimempelekea fundi mmoja wa samani hapa Nairobi, mtu hodari ambaye mashine yake ya kukereza hutoa miguu ya meza na nguzo za vitanda kutwa nzima. Nilimwachia picha, vipimo na kipande cha mvule. "Kocha, mvule haina mchezo, hili utawaachia wajukuu," aliniambia. Nikakubali, maana wengi wetu tumekua tukijua kwamba mlango wa mvule ni mlango wa maisha.

Jumamosi ile uwanjani, kwenye mpira wa nne, mpini ulikatika mikononi mwangu. Kichwa cha gongo kiliruka hadi karibu na beisi ya tatu, alipokuwa amesimama kijana wa miaka 14. Hakuguswa, namshukuru Mungu. Nilipokiokota kile kipande niliona kwamba mpasuko ulikwenda mshazari, umechongoka kama penseli, ukifuata nyuzi za mbao. Nyuzi za mvule zimesokotana: safu moja inaelekea huku, nyingine kule. Kwenye mlango hilo halina neno. Kwenye mpini wa unene wa sentimita 2.5 unaopokea kishindo cha mpira, nyuzi zikikatiza upande, hapo ndipo gongo litakapokatikia. Fundi alifanya kazi yake vizuri. Mbao niliileta mimi.

Tangu siku hiyo, mchezaji akiniuliza anunue gongo gani, namwambia aanze na mpini, halafu ndipo aje kwenye rangi na jina analotaka lichorwe. Nyuzi zitembee sambamba na gongo, kutoka kwenye kirungu cha mwisho hadi pale linapoanza kunenepa. Kwenye mbao za mti wa ashi (ash) utaziona kwa macho. Mepoli (maple) na bechi (birch) nyuzi zake ni laini, hazionekani vizuri, ndiyo maana magongo ya ligi kuu ya Marekani yanayotengenezwa kwa mbao hizo huwekwa tone la wino kwenye mpini. Utaratibu huo ulianza msimu wa 2009, baada ya magongo mengi ya mepoli kupasuka msimu uliotangulia. Wino hutambaa kufuata nyuzi, na mstari wake haupaswi kupinda zaidi ya digrii 3. Ukiwa na rula, hesabu hivi: kwa kila sentimita 10 za mpini, mstari usihame zaidi ya milimita 5. Unapoagiza, mwombe mtengenezaji akupigie picha ya tone hilo kabla hujalipa. Akisitasita, tafuta mwingine.

Kuhusu aina ya mbao, ashi ndiyo iliyotawala miaka mingi. Inanesa kidogo na inasamehe mpira uliogongwa vibaya, ila husambaratika polepole, ikibanduka vipandevipande. Siku hizi pia ni adimu, kwa sababu mdudu mtoboaji aliyetoka Asia ameangamiza miti ya ashi mingi mno Amerika Kaskazini. Mepoli ni ngumu zaidi, na ilipata umaarufu hasa Barry Bonds, mchezaji wa ligi kuu ya Marekani, alipoitumia kupiga homurani 73 (mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka beisi zote) mwaka 2001. Bechi iko katikati ya hizo mbili, nami huipendekeza kwa anayetoka kwenye gongo la alumini.

Sasa uzito, na hapa naomba unisikilize, kwa sababu vijana wengi hunakili gongo la mchezaji waliyemwona kwenye simu. Kanuni za ligi kuu zinaruhusu urefu hadi inchi 42 na unene hadi inchi 2.61, lakini hiyo ni mipaka tu. Mtu mzima wa kimo cha kawaida atafurahia inchi 33 na uzito wa aunsi 30, yaani takriban gramu 850. Shika gongo kwa mkono mmoja, ulinyooshe mbele yako usawa wa bega, uhesabu hadi 20. Kichwa kikianza kushuka, hilo si lako. Halafu litegemeze juu ya kidole uone linapolingana: magongo mawili yenye uzito uleule yanaweza kuwa tofauti kabisa mkononi kama moja limerundika mbao kichwani. Anayeanza achague lililosawazika, lenye mpini mnene kidogo.

Usidai mepoli nyepesi kupita kiasi. Ili kukupa wepesi huo, mtengenezaji itabidi atafute mbao isiyoshikamana sana, nayo huvunjika upesi. Afadhali upunguze inchi moja ya urefu, au uombe ncha ichimbwe kama kikombe.

Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kwamba ushuru hupigwa kwenye bei pamoja na nauli ya kusafirisha. Sisi huagiza kwa pamoja, watu watatu au wanne, tugawane nauli.

Yule fundi bado ni rafiki yangu. Hunichongea magongo ya mvule ya kupigia hewani tu, mazito kidogo, ya kuzoeza mikono, na kila moja nimelifunga utepe mwekundu mpinini ili mtoto yeyote asiligongee mpira. Yale ya mchezo hukaa ndani ya nyumba, mbali na buti la gari lenye joto na mbali na sakafu yenye unyevu wa Aprili. Na kila jipya likifika, kabla ya mpira wa kwanza, natafuta nembo: mtengenezaji huiweka mahali ambapo ukiielekeza juu wakati wa kupiga, mpira utakutana na upande wenye nguvu. Lisipokuwa na nembo, nauliza upande huo ni upi, kisha naweka alama ya kalamu ya wino mzito.