Muulize Fundi: Hedifoni za kuvaa kutwa nzima

Wiki hii maswali karibu yote yamekuja ya masikio. Wanaofanya kazi kwa kompyuta huku kwetu wameongezeka, ila hedifoni wanazonunua ni zile za kusikilizia muziki safarini.

*Shikamoo fundi. Nasikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika, saa saba kwa siku. Hedifoni yangu ina besi nzito, lakini ikifika mchana masikio yanawaka moto. Ninunue ya bei kubwa zaidi?* (Mnukuzi, Cheyo, Tabora)

Marahaba mwanangu. Bei iache kwanza. Shika hiyo uliyo nayo uangalie mito yake: nadhani inakalia sikio lenyewe badala ya kulizunguka. Sikio likibanwa saa zote hizo lazima liume, hata hedifoni iwe imetoka Ujerumani.

Tafuta ambayo sikio zima linazama ndani. Sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 6 hivi, kwa hiyo tundu la mto lizidi hapo. Kisha ingiza kidole. Kikigusa upesi kile kitambaa kinachofunika spika, basi na sikio litakigusa, na kufikia saa 4 asubuhi utakuwa unajikuna tu.

Uzito nao usiudharau. Mimi kwa kazi ya kutwa sivuki gramu 250, maana anayebeba ni utosi. Halafu ivae, inamisha kichwa utazame vidole vya miguu. Ikidondoka, imelegea. Ukihisi mapigo ya moyo kwenye taya, inabana mno, irudishe. Dukani usiijaribu kwa dakika moja. Mwombe muuzaji ukae nayo robo saa huku mkipiga soga. Akinuna, Soko Kuu lina maduka mengine.

Na hiyo besi? Wewe unasikiliza watu wakizungumza. Besi nzito inafunika maneno, unabaki kurudisha sentensi ileile nyuma. Waachie wenye kumbi.

*Fundi, nafundisha kwa mtandao na navaa miwani. Kila hedifoni inagandamiza mikono ya miwani, jioni kichwa kinagonga.* (Mwalimu, Mwanga, Kigoma)

Mwalimu, chagua mito laini ya sponji inayobonyea polepole, na mkanda usiobana sana. Miwani yenye mikono myembamba itakusaidia kuliko hedifoni yoyote. Kama uliyo nayo inabana na mkanda wake una bati ndani, ivalishe kwenye rundo la vitabu lililozidi upana wa kichwa chako kidogo tu, ilale hapo usiku kucha. Ya plastiki tupu usithubutu. Nimeshaletewa nyingi zilizopasuka hivyo, na plastiki ikipasuka kwenye mkunjo gundi haishiki.

*Joto la Oktoba hapa Tabora linanimaliza. Mito imeanza kubanduka, ngozi nyeusi inabaki shavuni.* (Karani, Isevya)

Hiyo ni ngozi bandia, na jasho ndilo adui yake. Nunua yenye mito ya kitambaa, inapitisha hewa, tena hakikisha inachomoka ili ubadilishe mito peke yake. Ukimaliza kazi ifute kwa kitambaa kikavu, usiitupie kwenye begi ikiwa na majimaji. Ukiwa na chumba chako mwenyewe, zipo zenye mgongo wazi, masikio yanapumua. Ofisini hazifai, jirani atasikia kila kitu.

Na wale mnaokimbilia eafoni za kuziba tundu kwa kukwepa joto: unyevu unabaki ndani, na fangasi wanaupenda. Sikio likiwasha au kutoa maji, vua, nenda hospitali. Usichokonoe kwa njiti.

*Nyumba ya pili kuna mashine ya kusaga. Hizi za kukata kelele zitanisaidia?* (Mhasibu, Gungu, Kigoma)

Kwa mashine, ndiyo. Maiki zake ndogo zinasikia kelele, kisha spika inatoa mawimbi ya kinyume yanayoifuta. Bose walianza kuziuzia marubani mwaka 1989, na hadi leo zinafanya vizuri zaidi kwenye mngurumo mzito usiobadilika: injini, jenereta, feni. Mtoto akilia au wateja wakigombana kuhusu pumba, utawasikia.

Faida yake kubwa naiona kwenye sauti. Mtu akizidiwa na kelele ya nje hupandisha ya ndani, na hapo ndipo anapoharibikiwa. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ni salama kwa saa 40 kwa wiki; kwenye 90 muda huo unashuka hadi saa 4. Wiki nzima, siyo siku! Simu nyingi siku hizi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti, kiweke.

Wengine kifaa hicho kinawapa hisia ya kuzibwa masikio, hata kizunguzungu. Kijaribu kabla hujalipa.

*Hedifoni ya Bluetooth inacheza vizuri, lakini kikao kikianza watu wanasikika kama wako ndani ya pipa. Mbovu?* (Kijana wa Kanyenye, Tabora)

Nzima kabisa. Maiki yake ikifunguliwa, Bluetooth inalazimika kupeleka na kuleta sauti kwa wakati mmoja, nyingi hushuka hadi ubora wa simu. Nenda kwenye mipangilio uchague maiki ya kompyuta, ya hedifoni uiache. Ikishindikana, chomeka waya.